Kwa baiskeli kando ya mto Mayenne, mahali pasipo honi

Mwambie mzazi yeyote wa Nairobi, Mombasa au Nakuru kwamba mwanawe wa miaka minane anaweza kuendesha baiskeli kilomita 30 kwa siku moja bila kusukumwa kando na gari, naye atakutazama kama mtu aliyerukwa na akili. Hapa kwetu baiskeli ya mtoto huishia ndani ya ua, ikizunguka baina ya kamba za nguo na magari yaliyoegeshwa, huku mama akipaza sauti kutoka dirishani, "Usitoke langoni!" Wala si kosa la mama. Barabara yenyewe ndiyo iliyomfundisha hofu.

Mahali pa namna hiyo pako, msomaji mpenzi. Magharibi mwa Ufaransa kuna mto uitwao Mayenne. Si mto mashuhuri kama Seine wala Loire, na pengine hukuusikia hata katika somo la jiografia. Urefu wake ni kama kilomita 200 hivi, nao hutiririka kuelekea kusini mpaka ukutane na mto Sarthe karibu na mji wa Angers. Kuanzia mji unaoitwa pia Mayenne hadi kijiji cha Daon, kandokando ya maji, pana njia ya kilomita 85 ambayo imeachiwa waendao kwa miguu na wenye baiskeli. Matatu haipiti. Pikipiki haipiti. Sauti utakayosikia ni ya kokoto chini ya tairi zako, ng'ombe wa ng'ambo, na maji yanayoporomoka.

Je, njia kama hii ilitoka wapi? Usidhani serikali iliamka siku moja ikawakatia watalii barabara. Katika karne ya 19 mto huu ulitengenezwa ili mashua za mizigo ziweze kupita. Mashua hizo hazikuwa na injini. Zilikokotwa kwa kamba kutoka ukingoni, na waliozikokota walikuwa farasi, na pengine binadamu. Mkokotaji alihitaji mahali pa kukanyaga, na kwa sababu hiyo ukingo ulisawazishwa, miti ikaondolewa baina ya njia na maji, na miinuko ikapunguzwa. Kisha reli ikaja, ikanyakua mizigo, na mashua zikapungua hadi zikabaki za kustarehe. Njia ya farasi ikabaki haina kazi. Wangeweza kuitia lami na kuwafungulia wenye magari. Hawakufanya hivyo, na hilo ndilo jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko majumba yote ya kifalme ya nchi ile. Tangu mwaka 2004 sheria za barabara za Ufaransa zinaitambua aina hii ya njia kwa jina lake, "njia ya kijani," na chombo chenye injini hakina haki ya kuipita.

Farasi wale wamekufanyia hisani nyingine. Kwa kuwa farasi aliyefungwa mashua hawezi kupanda mlima, njia haina mlima. Ukiwa na mtoto, au nyanya aliyeacha kuendesha tangu ujana wake, au wewe mwenyewe mwenye kitambi cha ofisini, hutashuka kusukuma baiskeli.

Mto wenyewe lakini unateremka, nao hushushwa kwa ngazi. Kila baada ya mwendo mfupi utakuta ukuta mdogo unaozuia maji, na kando yake chumba cha mawe chenye milango miwili mizito. Hivyo ndivyo mashua hupita: huingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji huachiliwa polepole, mashua hushuka kama mtu aliye ndani ya lifti, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Kutoka mji wa Mayenne hadi karibu na Angers pana milango ya namna hii 45. Keti hapo na watoto utazame mashua moja ikipita. Mwanafunzi anayesumbuliwa na fizikia atajifunza zaidi katika robo saa kuliko katika kurasa kumi za kitabu. Kando ya milango hiyo pana nyumba ndogo zilizojengewa walinzi wake, na baadhi yake sasa huuza chai na vitafunio au hulaza wageni.

Safari ya siku tatu inatosha, na usiifanye ya mbili. Siku ya kwanza ni kutoka Mayenne hadi Laval, kama kilomita 35. Hapa bonde ni jembamba, vilima vina miti, na vijiji vimejificha. Unaweza kupita muda mrefu bila kuona mtu ila mvuvi aliyenyamaza. Anayekaribia watu kutoka nyuma hupiga kengele mara moja na kuwaamkia "Bonjour." Ukikaa kimya utaonekana huna adabu, na Mfaransa wa mashambani hukumbuka.

Laval ni mji wenye ngome kuukuu juu ya mto. Mwaka 1844 alizaliwa hapo mchoraji Henri Rousseau, ambaye sisi Waafrika tuna haki ya kumtazama kwa tabasamu. Alichora misitu minene yenye simba na nyani, ilhali hakuwahi kutoka Ufaransa. Majani yake aliyaona katika bustani ya mimea ya Paris.

Mji huo umewahi kuona baiskeli za aina nyingine kabisa. Tarehe 30 Juni 2021 mashindano ya Tour de France yalipita hapa, kila mshindani akikimbia peke yake dhidi ya saa, kutoka Changé hadi Laval. Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye aliyeshinda siku hiyo. Miongoni mwa walioshindana alikuwemo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundishwa baiskeli utotoni na Mkenya David Kinjah, kabla ya kutwaa ubingwa wa Tour mara nne kwa bendera ya Uingereza. Siku ile barabara zilifungwa, watu wakajaa pembeni wakipiga mayowe. Ukingoni mwa mto, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hakuna anayekupimia saa.

Siku ya pili, kusini mwa Laval, utafika Entrammes. Watawa wa Kikatoliki walirudi kuishi hapo kando ya mto mwaka 1815, wakaanza kutengeneza jibini iliyokuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Port-Salut. Jina hilo waliliuza mwaka 1959, na leo jibini yenyewe hutoka kiwandani. Jioni lala Château-Gontier.

Sasa mambo ya tumbo, maana hapa ndipo wageni huaibika. Vijijini maduka mengi hufungwa saa sita za mchana hadi saa nane, na Jumapili alasiri huenda usipate hata mkate. Nunua chakula asubuhi. Maji ya kunywa wenye baiskeli hujaza makaburini! Usishtuke, makaburi mengi ya Ufaransa yana mfereji wa kunyweshea maua. Soma kibao kwanza: kikisema "eau non potable," mfereji huo waachie waridi.

Nenda baina ya Mei na Septemba. Mvua kubwa za baridi huufanya mto ufurike na kuimeza njia. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne za usiku, jambo ambalo litawavuruga watoto wako kabisa, lakini litakupa muda wa kuziba pancha bila kutafuta tochi.

Hapana shaka safari hii si ya bei rahisi kwa mtu wa Kenya. Kuna viza, kuna ndege, kisha gari moshi la kasi kutoka Paris hadi Laval, linalochukua kama saa moja na robo. Usibebe baiskeli kutoka nyumbani, kodisha huko. Na kama mwaka huu mfuko umekataa, wapeleke watoto Hell's Gate, Naivasha, ambako baiskeli inaruhusiwa kupita karibu na pundamilia. Magari yapo, lakini angalau watoto watajifunza kukaa juu ya kiti kwa saa nzima, na wewe utajua magoti yako yana hali gani.

Siku ya tatu ni fupi, na huishia Daon. Hapo njia ya farasi hukatika. Wanaotaka kufika Angers hushika barabara ndogo za mashambani, na magari hurudi, machache lakini yapo. Mweke mtoto mbele yako umwone, na umkumbushe mapema, kabla hamjatoka ukingoni, kwamba Ufaransa watu huendesha upande wa kulia.