Ini la Mtu wa Ziwani na Kazi ya Mazoezi

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, nalo limejificha upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka utumboni, ikiwa imebeba sehemu kubwa ya kilicholiwa na kunywewa, hupita humo kwanza kabla ya kwenda kwingine mwilini. Ini huchambua: sukari huiweka akiba, ya ziada huigeuza mafuta, sumu huivunjavunja, nyongo huitengeneza. Si kiungo chenye mazoea ya kulalamika. Linaweza kuharibika kwa miaka mingi bila kuuma, ndiyo maana wengi hupata habari zake kwa bahati tu, wanapopigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa.

Siku hizi habari hiyo mara nyingi ni mafuta. Kuwa na mafuta kidogo kwenye ini si ugonjwa; yakizidi asilimia 5 ndipo madaktari huanza kuyatilia maanani. Zaidi ya robo ya watu wazima duniani wamefika hapo, na si walevi pekee. Kinachoingia kwa mdomo kinapozidi kinachotumiwa na kazi, misuli hujaa na huanza kuipuuza insulini, homoni inayofungua njia ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Kongosho hujibu kwa kumwaga insulini zaidi. Misuli haisikii, lakini ini linasikia, na kwa ini insulini ni amri ya kutengeneza mafuta. Kitambi nacho humwaga mafuta yake katika damu inayoelekea moja kwa moja kwenye ini. Mzigo unatoka pande mbili.

Kisumu, mji wa Kenya ulio kando ya ziwa, ni mahali pazuri pa kuona jinsi kazi ya mwili ilivyopungua bila mtu yeyote kukusudia. Katika miaka ya 1990 bodaboda ya mji huu ilikuwa baiskeli: kijana alikanyaga pedali kati ya Kibuye, Kondele na Nyalenda kutwa nzima, abiria amekaa nyuma kwenye karia. Kisha pikipiki zikamiminika, na tuktuk pamoja nazo. Aliyekuwa akikanyaga sasa ameketi, na abiria ambaye zamani angetembea ili kuokoa nauli sasa hupanda kwa safari ya dakika kumi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na wanaume 17.5. Anayesema huo ni uvivu hajatazama vizuri. Mama anayeuza mitumba sokoni Kibuye yuko kazini tangu alfajiri, ila kazi yenyewe ni ya kukaa, na chakula chake cha mchana huletwa hapohapo pamoja na soda.

Mazoezi huukata mlolongo huo mahali pengi kwa wakati mmoja. Msuli unaofanya kazi hujifungulia njia za sukari wenyewe, bila kungoja insulini, na kwa siku moja au mbili baadaye hubaki mwepesi wa kuipokea insulini ikija. Sukari ikipata pa kwenda, kongosho hupumzika, insulini hushuka, na ile amri ya kutengeneza mafuta hulegea. Ini lenyewe huanza kuchoma akiba yake. Mafuta ya ndani ya tumbo, yaliyozunguka matumbo, hupungua mapema, hata wakati nguo za mtu bado zinambana vilevile.

Hapa pana jambo ambalo halijasemwa vya kutosha: ini hunufaika na mazoezi hata mizani isiposogea. Uchambuzi uliokusanya majaribio mbalimbali yaliyopima mafuta ya ini kwa mashine ya MRI ulionyesha kwamba miongoni mwa waliofikia dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, karibu watu 4 katika kila 10 walipunguza mafuta ya ini kwa asilimia 30 au zaidi ya kiwango walichoanza nacho. Manufaa hayo hayakutegemea kukonda. Wanaoacha kutembea baada ya mwezi mmoja kwa sababu kilo ni zilezile huacha wakati ambapo huenda ini limeshaanza kusafika. Hata hivyo kupungua uzito kuna zawadi yake. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupoteza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na kufika asilimia 7 hadi 10 hutuliza madhara yanayofuata mafuta hayo. Kufika huko kwa mazoezi peke yake ni vigumu. Sahani nayo lazima ibadilike.

Madhara yanayofuata ndiyo yanayoua. Kinachoumiza ini hasa ni mchochota, yaani hali ya kinga za mwili kuamka na kushambulia mahali fulani. Mtu akijikata kidole, mchochota huleta wekundu, joto na uvimbe, kisha kidonda kikipona nao huondoka. Ndani ya ini lililojaa mafuta hauondoki. Ini lina askari wake wa kudumu, seli za Kupffer, ambao mafuta yaliyozidi na taka zinazopenya kutoka utumboni huwaweka macho muda wote. Askari hao hutoa kemikali za kuita wenzao, na seli nyingine zilizokuwa zimetulia hugeuka kuwa mafundi wa kutengeneza kovu. Kovu juu ya kovu, miaka ikipita, ini hukakamaa. Hali hiyo huitwa sirosisi, na saratani ya ini mara nyingi huota hapo.

Mazoezi hutuliza mchochota huu kwa njia ambayo hata watafiti iliwashangaza. Kwa muda mrefu intalukini-6 ilijulikana kuwa mojawapo ya kemikali za uchochezi, ile inayopanda mtu anapougua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bente Klarlund Pedersen na wenzake mjini Copenhagen walionyesha kwamba misuli inayofanya kazi huitoa kemikali hiyohiyo kwa wingi, na ikitoka kwenye misuli hufanya kinyume: huamsha kemikali nyingine za kutuliza na kuzuia zile kali. Hupanda kwa saa chache, kisha hushuka. Kwa mtu aliyeketi wiki nzima kiwango chake ni cha chini lakini hakishuki kamwe, na hapo ndipo madhara yalipo. Anayefanya mazoezi kwa miezi kadhaa huona hata protini ya CRP, ambayo ini hutengeneza na hospitali huipima kama dalili ya mchochota, ikipungua kwenye damu, hasa akiwa amepungua na kitambi.

Ifahamike kwamba faida hiyo huletwa na kurudiarudia. Zoezi moja kali, hasa kwa asiyezoea, huumiza misuli na kuongeza mchochota kwa muda. Huweza hata kupotosha vipimo. Vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo maabara huvipima ili kujua hali ya ini, vimo ndani ya misuli pia. Kijana aliyenyanyua vyuma vizito Jumamosi akatolewa damu Jumatatu anaweza kuambiwa ini lake lina shida ilhali kinachouma ni mapaja. Mtu akienda kupimwa ini, na apumzike na mazoezi mazito kwa wiki moja hivi kabla, au angalau amweleze daktari.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za zoezi la kadiri, au nusu yake kwa zoezi kali. La kadiri ni lile linalomwacha mtu akiweza kuongea ila hawezi kuimba. Kisumu, iliyo karibu na mstari wa Ikweta, jua la mchana halina huruma, kwa hiyo alfajiri na jioni ndizo saa zenyewe. Njia za waenda kwa miguu zilizojengwa katikati ya mji kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022 zinatosha kabisa kwa kazi hii, wala hazidai ada ya jimu. Kulima kwa jembe Seme au Nyando kunahesabika. Kwa mwenye magoti mabovu au pumzi fupi, kunyanyua uzito mdogo mara nyingi hupunguza mafuta ya ini karibu sawa na kutembea.

Kama mafuta yangekuwa adui pekee, makala ingeishia hapo. Lakini ini la mtu wa ziwani lina maadui wengine ambao hawajali jasho, na wa kwanza ni kichocho cha matumbo. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa maji wanaoishi kwenye magugu ya ufukweni, hupenya ngozi kwa dakika chache, na hatimaye hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Jozi moja huweza kutaga mayai mia kadhaa kwa siku. Yasiyotoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini, hukwama humo, na kinga huyazingira kwa mchochota na kovu. Baada ya miaka, damu hushindwa kupita vizuri: wengu huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya koo hutanuka hadi kuweza kupasuka.

Wanaopata kichocho si watu waliokaa. Wavuvi wa Dunga na Usenge huvuta nyavu na kusukuma mashua kila siku. Wachimba mchanga husimama majini. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa Marekani waliwafuatilia vijana wa Kisumu wanaoosha magari wakiwa wamesimama ziwani, wakiwatibu na kuwapima tena na tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba baadhi yao walijenga kinga polepole baada ya kutibiwa mara kadhaa, huku wengine wakiambukizwa upya upesi kama mwanzo. Nguvu za mikono yao hazikuwa kinga yao. Dawa ni prazikwanteli, na ikitumiwa mapema sehemu ya makovu huweza kurudi nyuma. Kwa sababu hiyohiyo kuogelea, ambako kwingine kungekuwa zoezi bora kwa ini, hakupendekezwi kwenye maji ya ufukweni ya Ghuba ya Winam, hasa mchana, wakati minyoo michanga inapotoka kwa wingi kwenye konokono.

Pombe ni hadithi fupi. Ini huvunja pombe kwa mwendo wake lenyewe, na kukimbia asubuhi baada ya usiku wa chang'aa hakuuongezi mwendo huo. Jasho hutoa kiasi kidogo sana. Homa ya ini aina ya B nayo huzuiwa kwa chanjo, ambayo watoto wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu 2001, na waliozaliwa kabla ya hapo wanafaa kupimwa. Zamani wagonjwa wa homa ya ini walilazwa kitandani kwa wiki nyingi. Wakati wa Vita vya Korea madaktari wa jeshi la Marekani waliwalinganisha askari waliolazimishwa kulala na walioruhusiwa kutembea wapendavyo, wakakuta waliotembea hawakuchelewa kupona. Anayeishi na virusi vya homa ya ini aina ya B bila dalili hana sababu ya kuogopa mazoezi.

Hata aliyefikia sirosisi hushauriwa kujongea. Ini likishindwa, misuli hunyauka, na misuli ndiyo inayosaidia kuondoa amonia, sumu ambayo ini halimudu tena. Kutembea, kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kadhaa, na chakula chenye protini ya kutosha, omena wakiwemo, huilinda misuli hiyo. Kinachokatazwa ni kujikakamua. Mwenye mishipa iliyotanuka kooni, iwe kwa sirosisi au kwa kichocho cha miaka mingi, akisukuma mashua ufukweni au kubeba gunia huku amebana pumzi, shinikizo hupanda ghafla na mishipa inaweza kupasuka. Mtu wa namna hiyo hupimwa kwanza kwa kamera inayopitishwa kooni, na kazi yake hupangwa upya kulingana na kitakachoonekana.