Je, Ofisi Zetu Zihamie Windows 11?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao umeenea sana katika ofisi za sharika, zahanati na vyuo vyetu vya ufundi. Tangu hapo swali limekuwa lile lile kwa wahasibu, makatibu na waganga wafawidhi: kompyuta inawaka, barua zinachapwa, printa inafanya kazi, kwa nini basi tutumie fedha kuibadilisha? Ni swali la haki. Kwa zahanati ndogo, bei ya kompyuta moja mpya ni fedha ambayo ingenunua dawa, na anayeidhinisha malipo hayo anapaswa kujua analipia nini hasa.

Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamsha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine, kama Word, Excel au ile ya uhasibu, kutumia diski, printa na intaneti. Umeandikwa na binadamu, na kwa kuwa ni mkubwa mno, haukosi makosa ndani yake. Baadhi ya makosa hayo ni matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kuyapitia. Kila mwezi Microsoft huziba yale yaliyogundulika, kwa marekebisho yanayokuja kupitia intaneti. Hayo marekebisho ndiyo yaliyokoma kwa mtumiaji wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta yenyewe haikuzimwa, wala mafaili hayakupotea. Ila tundu litakalogundulika kesho litabaki wazi.

Wengine wanasema, "Sisi tuna programu ya kinga dhidi ya virusi, inatosha." Inasaidia, lakini haizibi tundu. Ni sawa na kuweka mlinzi getini wakati ukuta wa nyuma umebomoka.

Yaliyotokea mwaka 2017

Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa siku chache na kuingia katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga mafaili ya mwenye kompyuta kisha vikadai fidia ya dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza viliathiri angalau mamlaka 80 za hospitali za umma kati ya 236 zilizokuwapo England. Miadi ya wagonjwa iliyofutwa ilikadiriwa kuwa zaidi ya 19,000, na baadhi ya wagonjwa wa dharura walilazimika kupelekwa hospitali nyingine.

Jambo la kuangalia hapa ni hili. Dawa ya tundu lile ilikuwa imeshatolewa mwezi Machi 2017, miezi miwili kabla. Tena kompyuta nyingi zilizoambukizwa hazikuwa zile za zamani kabisa za Windows XP, bali za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Wenyewe walikuwa hawajaweka marekebisho.

Kwa hiyo mtu anayehamia Windows 11 kisha akazima marekebisho ili kuokoa bando, hajapata kitu zaidi ya picha mpya kwenye kioo. Tunalisema hili kwa sababu kuzima marekebisho ni desturi ya ofisi nyingi, na sababu yake inaeleweka, kwani intaneti ni ghali. Dawa ipo. Katika mipangilio ya Windows 10 na 11 kuna sehemu inayoruhusu kompyuta kupokea marekebisho kutoka kompyuta nyingine za mtandao wa ofisi hiyo hiyo, ili zisipakue zote kitu kile kile kutoka nje. Ofisi yenye kompyuta 5 itaona tofauti.

Kompyuta hiyo inafanya kazi gani?

Kabla ya kuuliza kama Windows 11 ni nzuri, uliza kompyuta iliyo mezani inatunza nini. Ile ya darasani katika chuo cha ufundi, ambayo haina intaneti na ambayo wanafunzi hujifunzia kuchapa, inaweza kuendelea na Windows 10 mpaka ichoke yenyewe. Jihadhari tu na flashi zinazotoka nje. Hapo sioni sababu ya kutumia hata shilingi moja.

Ile ya mhasibu ambayo hutumika kuingia benki kwa njia ya mtandao ni habari nyingine. Hali kadhalika ile ya zahanati yenye majina ya wagonjwa, vipimo vyao na hali zao. Mama aliyepimwa akaambiwa majibu yake ni siri ametuamini, na siri hiyo sasa ipo ndani ya mashine. Hapa Tanzania jambo hili si la dhamiri peke yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kompyuta za namna hii ndizo zipewe nafasi ya kwanza, hata kama bajeti inatosha moja tu kwa mwaka.

Ipo pia adha inayokuja polepole. Watengenezaji wa programu nyingine nao huacha mifumo ya zamani. Kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023, miaka 3 baada ya Microsoft kuuacha mfumo huo. Windows 10 nayo itafikia hapo, na anayetuma taarifa za zahanati kwa njia ya mtandao ndiye atakayeona kurasa zinagoma kufunguka.

Je, mashine yenyewe inakubali?

Kuhamia Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, lakini si kila kompyuta inapokelewa. Inatakiwa iwe na RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kinachokwamisha wengi ni prosesa. Kwa zile za Intel, kwa kawaida hukubaliwa za kizazi cha 8 na kuendelea. Fungua sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za kompyuta usome namba iliyoandikwa baada ya i3, i5 au i7: i5-6500 ni kizazi cha 6, itakataliwa, i5-8500 ni cha 8, itapita. Microsoft pia inatoa bure programu ndogo ya kupima, PC Health Check.

Mafundi wapo wanaojua kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine iliyokataliwa. Inawezekana, ila Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata marekebisho, nayo ndiyo tuliyoyafuata tangu mwanzo. Ni divai mpya katika kiriba kikuukuu.

Kuhusu nakala za Windows zinazowekwa kwa programu za kuvunja leseni, tuseme wazi: ni wizi, hata ukifanyika katika ofisi ya kanisa. Zaidi ya hayo, programu hizo mara nyingi ndizo zinazobeba virusi.

Kwa mashine iliyokataliwa

Njia ya kwanza ni kulipia marekebisho ya nyongeza. Bei iliyotangazwa na Microsoft kwa ofisi na mashirika ni dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka 3. Piga hesabu: 61, kisha 122, kisha 244, jumla dola 427 kwa kompyuta moja, na bado mwishoni una mashine kuukuu. Mwaka mmoja wa kujipanga unaweza kuwa na maana, mitatu haina. Shule na vyuo vyenye leseni za elimu vilipangiwa bei ndogo kabisa, dola 1 kwa mwaka wa kwanza, na hapo hesabu inageuka.

Njia ya pili ni mfumo huria wa Linux, ambao haulipiwi leseni. Ubuntu, mmojawapo wa mifumo hiyo, ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo lake la Aprili 2024 lina marekebisho ya bure hadi mwaka 2029, nalo hufanya kazi kwa mashine nyingi zilizokataliwa na Windows 11. Pamoja nalo huja LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel. Chimbuko lake ni OpenOffice, ambayo wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004.

Linux haimfai kila mtu. QuickBooks ya kuweka kwenye kompyuta haikutengenezwa kwa ajili yake, na mafaili ya Excel yenye mahesabu ya kujiendesha yanaweza kukorofisha. Lakini kwa katibu anayechapa barua, kusoma barua pepe na kujaza fomu za mtandaoni, inatosha. Inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kujaribiwa bila kugusa kilichomo kwenye diski. Mwachie siku mbili aichezee kabla hamjaamua.

Kununua kompyuta nyingine kuwe njia ya tatu, si ya kwanza. Na hapa tunawaomba wanaopokea misaada kutoka kwa marafiki wa ng'ambo wawe macho. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaondoa mashine zao kwa sababu hii hii ya Windows 11, na nyingine zitaletwa kwetu kama zawadi. Omba namba ya prosesa kabla mzigo haujapakiwa. Zawadi ya kompyuta 20 za kizazi cha 6 inafaa kwa darasa la Linux, haifai kwa idara ya fedha, na ushuru na usafiri wake vinaweza kuwaangukia ninyi.

Kama malalamiko ni kwamba kompyuta ni nzito, mfumo mpya hautaiponya. Kinachoponya uzito mara nyingi ni kubadilisha diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya SSD, na kuongeza RAM ifike GB 8. Ni kazi ya saa chache kwa fundi.

Siku ya kuhama isiwe ya kufunga hesabu za mwezi. Kwanza nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha fungua machache katika kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Windows 11 ni zaidi ya GB 5 kuipakua, hivyo ipakueni mara moja, muiweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, muitumie kwa kompyuta zote. Na kwa ile inayoondoka ofisini, iwe imeuzwa au imetolewa bure, diski yake ing'olewe au ifutwe na fundi kwa programu maalumu. Kufuta mafaili kwa kawaida, hata kumwaga kapu la taka, hakuyaondoi. Majina ya wagonjwa yatakuwa bado yamo.