Kabari ya njia nne: hesabu kabla ya kuwasha bageti ya kuchomelea

Vilima vinavyoizunguka Butembo, mji wa Kivu ya Kaskazini nchini Kongo ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, vimefunikwa na mikaratusi iliyopandwa na wenyeji. Miti hiyo ndiyo inayochoma matofali, inayooka mikate na inayogeuzwa makala (makaa) ya kupikia. Ukiteremka kilomita hamsini na kitu hadi Beni, joto linazidi na msitu wa asili unakaribia, lakini gogo hupasuliwa vilevile, kwa shoka na mabega ya kijana. Mafundi wa kuchomelea wa miji hii miwili, wanaounda mageti, matrela na makabati ya lori, wana ujuzi wa kutosha kujenga mashine ya kupasulia magogo kwa nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa. Wanahitaji boriti nene ya chuma, injini, pampu, na jeki inayosukuma na kurudi yenyewe, kama zile za tingatinga lililochakaa (jeki ya tipa haifai, kwa kuwa nyingi zinajua kusukuma tu na hurudishwa na uzito wa bodi). Kinachobaki ni kabari, na hapo ndipo fedha nyingi zinaweza kupotea. Fundi huvutiwa na wazo la kabari yenye mabawa sita au manane, ili gogo liingie zima na litoke kuni tupu kwa msukumo mmoja. Kwa miti na injini za Kivu ya Kaskazini, kabari inayofaa ni ya njia nne, yaani inayolipasua gogo vipande vinne, na ubora wake hutokana na kina cha mabawa na uzima wa mshono kuliko wingi wa makali.

Tuanze na nguvu iliyopo. Jeki yenye pistoni ya kipenyo cha sentimita 10 ina uso wa sentimita za mraba 78.5. Shinikizo likifika bar 150, msukumo unakuwa karibu tani 12. Nguvu hiyo haiongezeki kwa sababu fundi ameongeza makali. Kabari ya bamba moja huisukuma yote kwenye ufa mmoja, na ufa ukishaanza, mbao hufunguka mbele ya kabari kiasi kwamba makali hayagusi tena kitu. Kazi inabaki kwa mashavu ya kabari yanayotanua. Ukiongeza mabawa mawili ya mlalo, unadai nyufa mbili zinazokutana katikati, tena nyuzi za mkaratusi mara nyingi zimejisokota. Ndiyo maana mabawa hayapaswi kuanza sambamba na bamba la wima. Yarudishwe nyuma sentimita 8 au 10, ili bamba la wima lifungue gogo kwanza, na mabawa yaingie kwenye mbao ambazo tayari zimelegea. Kilele cha nguvu cha ufa wa kwanza kinakuwa kimepita kabla cha pili hakijafika, na tani 12 zinatosha kwa magogo mengi ambayo zingeshindwa nayo kama makali yote yangegonga kwa pamoja.

Atakayesema aongeze pampu ili apate njia sita, ajibiwe kwa hesabu ileile. Pampu inayotoa lita 20 kwa dakika kwa bar 150 inadai kilowati 5 kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani, yaani injini ya nguvu farasi zipatazo 8, na petroli ya kuilisha hupanda malori kutoka Uganda kupitia Kasindi. Pampu ya hatua mbili, inayotoa mafuta mengi wakati jeki haijakutana na kizuizi na machache yenye shinikizo kubwa inapokutana nacho, inapunguza gharama hiyo. Haiondoi tatizo la pili, la nafasi. Vipande vinavyopasuliwa na kabari ya njia sita lazima vipite kati ya mabawa yaliyokaribiana. Kipande chenye fundo hukwama humo, na kinachofuata hukigandamiza zaidi. Kukitoa kwa nyundo na mtaimbo hula muda wote uliodhaniwa kuokolewa. Kabari ya njia nne nayo hukwama ikiwa nyuma yake ni nyembamba, kwa hiyo mabawa yainuliwe kidogo kadiri yanavyorudi nyuma, na boriti isiwe na kitu cha kuzuia kuni zinazotoka.

Basi kwa nini tusibaki na bamba moja, na mfanyakazi aligeuze gogo mara ya pili? Jibu liko motoni. Mkaratusi uliokatwa sasa hivi unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Katika kilo 10 za kuni mbichi za namna hiyo kuna kilo 5 hivi za mbao kavu, zenye megajuli zipatazo 90 za joto. Kuyageuza yale maji kuwa mvuke hula megajuli kama 12 na nusu. Sehemu moja kati ya saba ya joto inaondoka kabla tofali halijapata moto, mbali na hasara ya moto wa moshi usiowaka vizuri. Butembo mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, na gogo nene lililopasuliwa mara moja tu huwekwa tanuruni likiwa bado bichi moyoni. Anayepasua kwa bamba moja hushawishika kuishia kwenye vipande viwili, hasa jioni, mikono ikishachoka. Kabari ya njia nne hutoa robo nne zinazolingana bila kumtegemea mtu asiyechoka. Tena mkaratusi hupasuka kwa urahisi zaidi ukiwa mbichi, kwa hiyo unapasuliwa mapema, unapangwa chini ya paa, na unakauka wote pamoja.

Sasa chuma. Kishawishi cha karakana ni majani ya springi za lori, kwa kuwa ni magumu, yanapatikana, na yanashika makali. Kwa kazi hii ni chaguo baya. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, kama asilimia 0.5 hadi 0.6, na kikichomelewa baridi, ukanda ulio kando ya mshono hupoa haraka, unakuwa mgumu na mkavu, kisha hupasuka siku ya fundo la kwanza. Kukichomelea salama kunataka kukipasha moto hadi digrii 200 au 300, kutumia bageti za aina ya 7018 zilizokaushwa ovenini, na kukipoza taratibu ndani ya majivu. Bageti ya kawaida ya 6013 kwenye hewa yenye unyevu haifanyi kazi hiyo. Kwa kuwa makali hukata kidogo na mashavu hutanua zaidi, bamba la chuma laini la milimita 25 linatosha kabisa. Likipoteza makali linanolewa kwa mashine ya kusagia.

Unene huo hauokoi bawa lenye kina kidogo. Chukua bawa lililotokeza sentimita 15 pembeni, na tuseme nusu ya msukumo, tani 6, inalikandamiza katikati yake. Kama kina cha bawa, yaani urefu wake kufuata mwendo wa gogo, ni sentimita 6, chuma cha kwenye mzizi kinabeba kama megapaskali 300, wakati chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye 235. Ongeza kina kiwe sentimita 12 na mkazo unashuka hadi 75. Kina kikiongezeka mara mbili, mkazo hupungua mara nne. Hata hivyo fundo likigonga ncha ya bawa na kubeba tani zote 12, mkazo unarudi 300, na ndiyo sababu ya kuweka pembetatu za kuimarisha nyuma ya kila bawa.

Hesabu hiyo inadhani mshono umeingia hadi ndani. Mshono wa juujuu pande mbili, hata ukiwa mnene na wa kupendeza macho, huacha ufa katikati ambapo bamba limegusana tu na bamba. Ukingo wa bawa uchongwe kwa mshazari pande zote mbili, uachiwe pengo dogo, kisha ujazwe kwa tabaka baada ya tabaka, taka ya mshono (slagi) ikigongwa na kupigwa brashi kila mara, huku fundi akihama upande mmoja hadi mwingine ili bawa lisivutwe kombo. Kazi yote ifanywe kwenye soketi inayovalishwa juu ya bamba la wima na kufungwa kwa pini. Likija gogo lenye mafundo mengi, soketi inavuliwa, na bamba moja linapata tani 12 zote.

Wanaopasua kwa shoka watauliza ujira wao unaenda wapi. Swali ni la haki, na baadhi yao wataupoteza ikiwa mashine itamilikiwa na mwenye tanuru peke yake. Bado inahitaji mikono ya kubeba, kulisha na kupanga, na kwa bei ya chuma chakavu kikundi cha wapasuaji kinaweza kuichangia na kuimiliki. Vali ya usalama isizibwe kamwe ili kupata nguvu zaidi, na kidhibiti kidai mikono yote miwili, ili usibaki mkono wowote karibu na kabari.

Pingamizi zito zaidi ni la msitu. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, imekatwa miti kwa miongo mingi kwa ajili ya makala, na mradi wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi la WWF, ulioanza mwaka 2007, uliwahimiza wakulima kupanda miti yao wenyewe ili kupunguza shinikizo hilo. Je, kurahisisha kupasua si kuchochea kukata? Kinachoizuia biashara ya kuni ni ugumu wa kukata na kusafirisha, na mashine hii haigusi lolote kati ya hayo; kuni kavu, kwa upande wake, hupunguza magogo yanayohitajika kwa tanuru moja. Lakini hoja hiyo inasimama tu ikiwa mashine imefungwa mjini, kwenye ghala ambapo mwenye shamba la mikaratusi huleta miti inayojulikana ilikotoka. Ikifungwa kwenye trela na kupelekwa ukingoni mwa hifadhi, haifai kujengwa.