Je, Wajua? Ukubwa wa Punje Huamua Afya ya Mizizi

Katika haidroponiki, yaani kilimo kisichotumia udongo wa shamba, ya ndani ya nyumba, mizizi huhitaji oksijeni kama inavyohitaji maji, na ukubwa wa punje zinazoishikilia ndio huamua vitu hivyo viwili vitagawanaje nafasi. Punje laini, kama unga wa makumbi ya nazi, hushika maji mengi. Zikilowa kupita kiasi, mizizi hugeuka kahawia, hulainika na kunuka. Kokoto za udongo uliochomwa za milimita 8 hadi 16 huacha mianya mipana ya hewa, ila hukauka upesi, hivyo hufaa pale pampu inapomwagilia mara kwa mara. Miche hupendelea ndogo zaidi, milimita 4 hadi 8. Kokoto zote zioshwe kwanza, kwani vumbi lake huziba mianya hiyo hiyo.