Mfupa wa Nyonga Umeunga: Je, Matibabu Yamekwisha?

Bibi mmoja wa kijiji chetu aliteleza mlangoni mwa jiko. Hakuanguka kutoka mtini wala hakugongwa na gari, lakini hakuweza kuinuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefupika, na unyayo umegeukia nje. Majirani walitaka kumchua. Nilipofika niliwakataza. Tuliufunga mguu ule pamoja na mwenzake, tukampeleka hospitali kwa machela.

Huko alipasuliwa, akawekewa chuma. Baada ya miezi michache alitembea kwa mkongojo. Sote tulifurahi, nami nikadhani kazi imekwisha. Kabla ya mwaka kupita alianguka tena uani, akavunjika mkono. Hapo nilitambua kosa langu. Tulikuwa tumetibu mfupa mmoja tu, na ile mingine tumeiacha.

Mifupa dhaifu ni nini?

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili huondoa sehemu iliyochakaa na kujenga mpya. Uzeeni kuondoa hushinda kujenga, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Mfupa huwa kama nguzo iliyoliwa na mchwa: nje nzima, ndani tupu. Ugonjwa huu hauumi. Mara nyingi mtu huujua siku anapovunjika. Kwa hiyo mtu mzima aliyepita miaka 50, akivunjika nyonga kwa kuanguka akiwa amesimama tu, ni lazima apimwe na kutibiwa mifupa pia.

Dawa zipo

Dawa moja ni vidonge vya alendroneti. Kwa kawaida humezwa kidonge kimoja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa gilasi nzima ya maji matupu. Mgonjwa akae wima au asimame kwa nusu saa, asilale wala asile, maana kidonge huweza kuunguza koo la chakula. Asiyeweza kukaa wima asipewe.

Dawa nyingine, asidi ya zoledroniki, hutiwa katika mshipa mara moja kwa mwaka. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,127 waliopasuliwa nyonga. Katika kila 100 waliopata dawa hiyo, karibu 9 walivunjika tena; katika kila 100 wasioipata, karibu 14. Waliofariki pia walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliotibiwa.

Daktari hupima kwanza figo na madini ya chokaa katika damu, kisha huchagua dawa. Usinunue mwenyewe dukani.

Kazi ya nyumbani

1. Mzee apate maziwa, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na maharage. Aote jua. Lakini kwa aliyekwisha kuvunjika, chakula peke yake hakitoshi.

2. Asiachwe kitandani. Kulala muda mrefu huleta vidonda, kichomi na kuganda kwa damu. Atembezwe mapema kama alivyoagizwa hospitali.

3. Ondoeni vitu vya kumkwaza njiani. Usiku awe na tochi na chombo cha haja ndogo karibu. Macho yake yapimwe.

4. Aache tumbaku na pombe.

Bibi yule sasa humeza kidonge chake kila Jumapili. Nikipita kumwamkia huniambia, "Mjukuu wangu, leo nimekaa wima kama askari." Hajavunjika tena.

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwenu yuko mzee aliyevunjika nyonga akapona? Mpelekeni kwa daktari pamoja na karatasi zake za hospitali, mkaulize swali hili moja: "Mguu umetibiwa, mifupa yake je?"