Pindo la Mfarishi: Kupasua au Kukata?

Luano iko kando ya mji wa Lubumbashi, katika nchi ya juu ya Haut-Katanga. Mahali pale pamepita mita 1,200 juu ya bahari. Kwa hiyo katika mwezi wa 6 na wa 7 usiku una baridi kali. Mwenye tandiko zito hulala vizuri. Asiye nalo hujikunja mpaka asubuhi.

Tandiko moja jema ni mfarishi. Hushonwa kwa vipande vidogo vya nguo, vile vinavyobaki kwa fundi akiisha kukata magauni na mashati. Vipande huunganishwa, huzungushiwa pindo la kitenge pande zote 4, kisha huwekwa juu ya blanketi kuukuu na kushonwa pamoja nalo. Mabaki hupatikana bure, lakini kitenge cha pindo hununuliwa. Basi kikiharibika, fedha imepotea na baridi haingoji.

Je, kitenge kikatwe kwa makasi, au kipasuliwe kwa mikono? Kwanza ni lazima kujua jinsi nguo inavyofumwa. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu huitwa mtande. Nyuzi zinazopita kwa upana, juu ya uzi mmoja na chini ya mwingine, huitwa mshindio. Nguo ya pamba iliyofumwa hivyo ikipasuliwa, mpasuko hufuata uzi. Hauwezi kwenda upande, hata kama mkono wa mshonaji unatetemeka. Makasi hayana kiongozi kama huyo. Huenda kokote mkono unakokwenda.

Kupasua hufanywa hivi. Nguo hufuliwa kwanza, maana pamba hupungua ikilowa. Ikiisha kukauka, hukatwa kidogo ukingoni kwa makasi, sentimeta 2 tu. Kisha mshonaji hushika pande zote mbili na kuvuta kwa nguvu, bila kusitasita. Kando za mpasuko hujikunja na kutoa nyuzi. Basi nyuzi hizo huondolewa, na kipande hunyoshwa kwa pasi.

Lakini si kila nguo hupasuliwa. Fulana haipasuki vizuri, huvutika tu. Nguo nzito ya suruali hushinda mikono. Tena kuna vitenge ambavyo maua yake hayakuchapwa sawa na uzi. Kitenge cha namna hiyo kikipasuliwa, uzi utakuwa sawa, lakini maua yatapanda mlima. Hapo ni afadhali kupiga mstari kwa chaki na kukata kwa makasi, kwa kufuata maua. Ikiwa yamepotoka sana, ni heri kuchagua kitenge kingine kabla ya kulipa.

Sasa hesabu. Tuseme vipande vilivyounganishwa vina urefu wa sentimeta 170 na upana wa sentimeta 130. Kitenge cha yadi 2 kina urefu wa sentimeta 183, na upana wa sentimeta 115 hivi. Pindo lina upana wa sentimeta 17, na kila mshono hula sentimeta 1 ya kila nguo. Kikipasuliwa kwa urefu, vipande 4 vitatumia upana wa sentimeta 68 tu, na nguo itabaki. Viwili vya kando vitakuwa na urefu wa sentimeta 170. Vikiisha kushonwa, upana wote utakuwa sentimeta 160. Basi vya juu na chini vitakuwa vya sentimeta 160. Lakini kitenge kikipasuliwa kwa upana, kila kipande kitakuwa na sentimeta 115 tu. Hakuna kitakachofika bila kuungwa. Zaidi ya hayo, nyuzi za mtande hazivutiki sana, na pindo lililofuata mtande hukaa imara.

Kosa moja huwapata wengi. Hushona pindo refu bila kulipima, na wakifika mwisho hukata linalozidi. Nguo huvutika chini ya mashine, na pindo hutoka na mawimbi kama maji ya ziwa. Mshonaji mwenye akili hupima vile vipande vilivyounganishwa mahali pa katikati, si ukingoni, kwa sababu ukingo hulegea kwa kushikwashikwa. Kisha hukata pindo kwa kipimo hicho, huanza kulibana kwa pini katikati na kwenye ncha mbili, ndipo hushona.

Wahenga walisema: Maji yakimwagika hayazoleki. Nguo iliyokatwa vibaya nayo hairudi kuwa nzima. Na mara nyingi nguo si ya mshonaji, bali ya mama aliyeweka akiba siku nyingi ili watoto wake wasione baridi. Kupima kwa uangalifu ni kumheshimu mama huyo.

Maswali
1. Kwa nini mpasuko hufuata uzi?
2. Ni nguo gani zisizofaa kupasuliwa?
3. Kwa nini mfarishi hupimwa katikati?