Usiku wa Mtoto Hutengenezwa Mchana

"Sista, huyu mtoto halali." Kina mama wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, huniambia hivyo kliniki kabla hata hawajaketi. Nikiuliza maswali mawili matatu nagundua kwamba mtoto analala, tena sana, ila kwa vipande vipande. Asiyelala ni mama. Huyu ni mama aliyeamka alfajiri kuwahi samaki, akavuka mpaka na beseni kichwani, akauza upande wa pili hadi jioni, kisha akarudi kwenye nyumba iliyo kando ya barabara, ambako malori hunguruma usiku kucha yakielekea Kampala. Kumwambia avumilie kwa kuwa mtoto atakua si jibu. Anastahili kuelezwa usingizi wa mtoto ulivyo, ajue ni wapi anaweza kuurefusha na ni wapi auache.

Mtoto huzaliwa bila kuujua usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miezi 4 anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku, na wa miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, usingizi wa mchana ukiwemo. Ila saa hizo hazina mpangilio mwanzoni. Mtu mzima ana homoni iitwayo melatonini, ambayo hupanda giza linapoingia na kuuambia mwili kwamba wakati wa kulala umefika. Mtoto huanza kuwa na mpangilio wake mwenyewe wa homoni hiyo akifikia kama miezi 2 au 3. Kabla ya hapo, kidogo anachopata hutoka katika maziwa ya mama anayonyonya usiku. Tena mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua dakika 50 hadi 60, wakati wetu huchukua kama 90. Kila mzunguko unapoisha hugunaguna, hunyoosha miguu, hata hufungua macho. Sisi pia huibuka hivyo, ila hugeukia upande wa pili tukaendelea.

Vitabu vingi vya malezi vimeandikiwa nyumba ambazo mtoto ana chumba chake. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika Bonde la Ufa la Kenya, wakafuatilia usingizi wa watoto. Watoto wa mijini Marekani walipofika miezi 4 walikuwa wakilala takriban saa 8 mfululizo. Wa Kokwet walilala ubavuni mwa mama, wakanyonya kila walipoamka, na miezi kadhaa baadaye bado waliamka usiku. Kwa mama zao hilo halikuwa tatizo. Hata ughaibuni si wote wanaolala usiku kucha: katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 na Marie-Hélène Pennestri na wenzake, asilimia 38 ya watoto wa miezi 6 hawakuwa wakilala saa 6 mfululizo, na makuzi yao hayakuwa nyuma ya wenzao.

Kwa hiyo tusikimbilie kulala usiku kucha. Wiki za kwanza mtoto anyonye kila anapotaka, mara 8 au zaidi kwa siku. Akifika miezi 4 na uzito wake unapanda vizuri, kutoka vipande vya saa mbili hadi kipande kimoja cha saa nne au tano ni hatua kubwa.

Ili kuifikia hatua hiyo, kwanza tazama maziwa yanakwenda saa ngapi. Mtoto anayeachwa na nyanya tangu asubuhi hadi mama arudi kutoka sokoni hunyonya kidogo mchana, na deni hilo hulidai usiku. Hana ukaidi, ana njaa, na amemkosa mama. Ukiweza, nenda naye, mnyonyeshe kibandani. Ukishindwa, kamua maziwa, mwachie nyanya ampe kwa kikombe safi. Yasikae nje ya friji zaidi ya muda wa saa nne, na siku ya jua kali yatumike mapema. Ukirudi, mnyonyeshe mara kwa mara kuanzia jioni hadi unapolala, matiti yote mawili. Mama wengi wanaojaribu hili huona tofauti ndani ya siku chache.

Pili, mwonyeshe mchana na usiku kwa macho yake. Asubuhi mtoe nje kwenye mwanga. Anapolala mchana acha mlango wazi, sufuria ziendelee kugonga, watoto wacheze. Jioni geuza mambo: umwogeshe, umnyonyeshe, umwimbie wimbo uleule kwa utaratibu uleule, taa ikiwa hafifu. Akiamka usiku wa manane, mnyonyeshe gizani bila mazungumzo, na simu ibaki chini, kwa maana mwanga wake unamwambia kumekucha. Malori huwezi kuyanyamazisha, lakini ngurumo ya kila siku mtoto huizoea kuliko balbu inayowaka usoni.

Tatu, neti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa Tororo, jirani yetu upande wa Uganda, alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza huko mwishoni mwa 2014 uliishusha malaria sana, kisha ikapanda tena. Kosa ninalolisikia mara nyingi ni mtoto kulazwa kwenye kochi saa mbili usiku na kuhamishiwa ndani ya neti wazazi wanapokwenda kulala. Saa hizo mbili tatu mbu amekula, na kule kuhamishwa kumemwamsha. Alazwe ndani ya neti tangu mwanzo, chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala blanketi zito. Jiko la makaa lisilale chumbani, hata kukiwa na baridi: hewa yake huua kimya kimya. Na mzazi aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto.

Nne, akigunaguna usimnyakue papo hapo. Subiri kidogo, mwekee mkono kifuani. Mara nyingine ni mzunguko tu umeisha, naye atazama tena usingizini. Akilia, mchukue. Mtoto mchanga hadekezwi kwa kuitikiwa.

Yapo mawili ninayowasihi kina mama wayaache. Uji wa wimbi kabla ya miezi 6, eti ashibe alale, huchukua nafasi ya maziwa na kufungua mlango wa kuhara. Na dawa ya maji ya mafua, ile inayoleta usingizi, si ya kumlaza mtoto: inaweza kumpunguzia pumzi. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe dawa hizo za mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Na pale usingizi mrefu unapokuja ghafla, usiushangilie kabla hujamgusa paji la uso. Katika nchi yetu ya malaria, mtoto aliyelegea, asiyeamka vizuri, anayekataa ziwa, anayetapika kila kitu au aliyepata degedege hajapata usingizi, ameugua. Mpeleke kituo cha afya usiku huohuo, iwe Tororo au Busia, upande wowote ulio karibu.

Baba hana ziwa, lakini ana mikono. Mama akishanyonyesha alfajiri, baba ambebe mtoto, amcheulishe, atoke naye uani jua linapochomoza. Mtoto apate mwanga wake wa asubuhi, na mama apate saa moja ya usingizi isiyokatizwa. Kwenye kliniki, nikishamaliza kumpima mtoto uzito, swali langu la mwisho ni lake mama: wewe umelala saa ngapi?